Amri Iliyoitwa Toa Maji

Victoria wa Mabogini hakubisha hodi. Aliingia ofisini Rau, mjini Moshi, saa tatu asubuhi, matope yakiwa bado kwenye pindo la kanga, akaweka ndoo juu ya meza ya Yuditha Nkya, juu kabisa ya karatasi zake, akasema, "Haya. Mpunga wenu huo."

Ndani ya ndoo mlikuwa na miche iliyooza, imelala kwenye maji ya rangi ya chai. Harufu ilijaa chumba. Yuditha alisogeza kompyuta yake ili isilowe.

"Mama, karibu ukae."

"Sikai. Vitalu vya wanawake kumi na mmoja vimezama siku mbili. Mvua ilinyesha, tukasema haina neno, mashine itayatoa maji. Mashine ikaongeza! Juu ya mvua, ikafungulia mfereji. Julius ametuambia makosa ni yenu huku Rau. Sasa nimekuja mnieleze nyinyi wenyewe, mimi sijasoma kompyuta."

Yuditha alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Kwao ni Machame, mtoto wa tatu wa mzee Ebenezeri Nkya, mkulima wa ndizi na maharage ambaye ni mjumbe wa kamati ya mfongo, yaani mfereji wa asili unaoshusha maji ya mlimani hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Alikuwa mtu wa kusahihisha wenzake. Kwenye kwaya ya usharika alimsahihisha mwalimu wa kwaya mbele ya watu mpaka akaombwa apumzike kidogo, naye akapumzika moja kwa moja. Kazi ya kuandika programu ilimfaa kwa sababu kompyuta haikasiriki ukiiambia imekosea.

Aliyemfundisha kazi hiyo ni Kornel, mtu wa Uru, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla hajaacha chaki, na ofisi ya Rau ilikuwa yao wawili. Miaka minane nyuma Kornel aliandika peke yake kitu alichokiita Mfongo. Kilikuwa maktaba, lakini si nyumba ya vitabu. Waandishi wa programu huita maktaba mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa, ambazo mtu yeyote anaweza kuziita kwa majina yake ndani ya programu yake bila kuziandika upya. Mfongo ilikuwa na amri za kuendesha malango ya maji yenye mota: kufungua, kufunga, kupima kina, kumpelekea mtu ujumbe kwamba zamu yake imefika. Kornel aliigawa bure. Kwanza ilitumika kwenye mifongo miwili ya Uru, kisha Kibosho, kisha Machame, mwisho ikateremka mpaka kwenye majaruba ya mpunga Mabogini. Huko Julius, mwandishi wa programu aliyeajiriwa na chama cha wakulima, aliichukua na kuiunga na malango yao.

Yuditha alisoma programu ya Julius mchana ule ule, ndoo ikiwa bado mezani maana Victoria alikataa kuondoka nayo. Kosa alilipata kwa dakika kumi. Julius aliandika kwamba kipimo kikionyesha jaruba limejaa, iitwe amri ya «toaMaji». Lakini kwenye Mfongo, «toaMaji» ilifungua lango la juu, lile linaloyaachia maji kutoka bwawani kuelekea shambani. Mtu wa mlimani akisema toa maji, anamaanisha yatoe kwenye nduwa, lile bwawa la juu, yaje. Mtu wa Mabogini akisema toa maji, anamaanisha yatoe jarubani, yaende zake. Kadiri vitalu vilivyojaa ndivyo mashine ilivyoita «toaMaji», na kadiri ilivyoita ndivyo vilivyozidi kujaa.

Alimwonyesha Kornel. Kornel alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Maelezo yapo. Nimeandika pale juu ya amri: hufungua lango la chanzo. Julius hakusoma."

"Hakusoma kwa sababu jina lilimtosha, Mwalimu. Jina lilimdanganya."

"Jina halimdanganyi mtu anayesoma."

"Basi tulibadilishe. Iwe mbili: «ingizaMaji» na «ondoaMaji». Hata mtoto hawezi kukosea."

"Miaka minane watu wanaita «toaMaji». Miaka minane! Kosa la mtu mmoja wa bondeni, mvivu wa kusoma, ndilo litufanye tubatize upya kila kitu?" Kornel alinyanyua ile ndoo kwa mkono wake, akaenda kuimwaga nje kwenye bustani, akarudi nayo tupu. "Mwambie Julius asome."

Yuditha hakumwambia Julius asome. Alikwenda kwenye grupu la simu la watumiaji wa Mfongo, watu kama arobaini, akaandika kwamba jina la amri ni baya na aliyelichagua hakuwafikiria watu wa bondeni. Alipendekeza majina mapya kwa amri ishirini na tatu. Kosa lilikuwa kwenye amri moja, naye alileta ishirini na tatu, kwa kuwa alishaanza kuyasoma majina kwa jicho la chuki na kila moja akaliona lina kilema.

Walimjibu kama watu waliokanyaga moto. Mmoja wa Kibosho aliuliza kama Rau sasa wana kazi ya kutunga kamusi. Mwingine aliandika, "Dada, umekosa pa kupeleka ujuaji wako." Julius, ambaye Yuditha alidhani angemshukuru, aliandika ujumbe mrefu kuliko wote: mwezi wote alikuwa anatukanwa na wakulima kwa jina lililotungwa na watu wengine, na wenyewe bado wanabishana. "Mbadilishe, msibadilishe, mimi mmeshaniharibia." Kornel hakuandika neno. Alisoma yote, na ofisini walianza kupeana habari za kazi kwa karatasi zilizobandikwa kwenye kioo cha kompyuta.

Ilipita Mei na Juni hivyo. Meza mbili, chumba kimoja, chai kila mtu na chupa yake.

Wiki ya pili ya Julai Kornel alikwenda Holili kufunga malango mapya kwenye kitalu cha miti. Nywila ya kutoa toleo jipya la Mfongo walikuwa nayo wawili tu. Yuditha alikuwa ameyaandaa majina yote ishirini na matatu siku nyingi, ameyajaribu kwenye kompyuta yake, na kila kitu kilifanya kazi. Ijumaa alasiri aliandika kwenye grupu mistari miwili: toleo jipya limetoka, majina yamebadilika, rekebisheni programu zenu. Kisha akabonyeza. Majina ya zamani aliyafuta. Hakuacha hata moja.

Alichosahau, au alichokataa kukumbuka, ni kwamba programu nyingi za mlimani zilipangwa kuchukua toleo jipya zenyewe kila Jumatatu alfajiri. Waliozipanga hivyo ni vijana waliozifunga wakaenda zao Arusha na Dar. Hapakuwa na mtu wa kurekebisha chochote Jumamosi wala Jumapili.

Jumatatu, Julai kavu na baridi, malango kumi na manne ya Uru, Kibosho na Machame yaliita «toaMaji», yakaambiwa hakuna kitu hicho, yakabaki yamefungwa.

Simu ya kwanza ilikuja saa moja kasoro. Kufikia saa mbili alikuwa ameacha kuhesabu. Wengine hawakujua hata jina lake, walisema tu, "Nipe huyo mwanamke." Mzee mmoja wa Uru alimwambia kwamba angekuwa karibu naye angemchapa, halafu akakata, halafu akapiga tena kuongeza kwamba hatanii. Yuditha aliwaeleza wote jambo moja, kwamba mota zina mpini wa kufungulia kwa mkono, nusu yao wakajibu kwamba mpini hawajawahi kuuona. Mpigaji wa kumi na kitu alikuwa dada yake wa Machame.

"Leo ilikuwa zamu ya baba," alisema. "Njoo mwenyewe. Mimi siwezi kusimama hapa niitwe dada yako."

Alipanda Machame kwa bodaboda. Penye lango la mfongo walikuwa wamesimama watu tisa au kumi na majembe. Mzee Ebenezeri alisimama kando yao, amevaa koti lake la kazi. Zamu yake ilikuwa ya alfajiri mpaka saa sita mchana, na kwenye mfongo ule zamu ikipita imepita, unangoja wiki nzima. Maharage yake yalikuwa kwenye maua.

"Shikamoo baba."

Ebenezeri hakuitikia. Watu walisikia kwamba hakuitikia.

Yuditha alipiga magoti kwenye tope, akafungua kasha la mota kwa bisibisi, akautafuta mpini, akaanza kuzungusha. Mama mmoja nyuma yake alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wasomi siku hizi wanasoma ili waje kuzungusha vyuma. Wengine walicheka. Lango lilinyanyuka polepole na maji yakaanza kupita. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Ni wewe?" baba yake aliuliza alipokuja karibu.

"Ni mimi, baba."

"Uliwaambia watu?"

"Niliandika kwenye grupu."

"Mimi nipo kwenye grupu?"

Yuditha aliufuta mpini tope kwa kiganja.

"Mwaka ule mafuriko yalipobomoa banio letu la maji kule juu," Ebenezeri alisema, "tulichimba njia mpya miezi minne. Ulikuwa unatuletea uji. Njia ya zamani tuliifunga lini?"

"Mpya ilipokwisha kujaa maji."

"Basi ulikuwa unajua." Alichukua jembe lake. "Ningesema hukujua, ningekusamehe. Unajua na umefanya. Umenitia aibu mbele ya watu wa mfongo, na mimi ndiye niliyewashawishi wakubali hizo mashine zenu."

Aliondoka kufuata maji shambani, nusu saa iliyobaki. Yuditha alibaki na wale watu, akaendelea kushikilia mpini kwa sababu hakujua angefanya nini na mikono yake.

Kornel alirudi kutoka Holili jioni hiyo hiyo, na asubuhi ya Jumanne alikuwa ofisini kabla yake. Hakupaza sauti. Hilo lilimtisha zaidi.

"«ToaMaji» naielewa," alisema. "Ulikuwa na hoja, nilikuwa nakasirika tu. Lakini kuna amri iliitwa «mwiteMeku». Umeifanya nini?"

"Inaitwa «tumaUjumbe» sasa. Inatuma ujumbe kwa msimamizi wa mfongo. Jina la zamani halikueleweka. Mtu wa Mabogini hajui meku ni nini."

"Meku ni mzee. Na pale Uru, kwenye mfongo wetu, Meku alikuwa mmoja tu. Baba yangu. Maji yakikatika watu walipiga kelele kihamba hadi kihamba: mwiteni Meku. Alikufa mwaka ule nilipoandika hiyo amri. Niliiandika nikiwa matangani, kwenye daftari, hata kompyuta sikuwa nayo." Alikunja miwani yake. "Ungeniuliza. Meza yako na yangu zimeachana hatua tatu, Yuditha. Ungeniuliza."

"Ungejibu? Tangu Mei hujanisemesha!"

"Pengine nisingejibu. Lakini wewe usingekuwa mwizi."

Neno hilo Yuditha hakulisahau. Alitaka kusema kwamba hakuna kilichoibwa, kwamba Victoria aliwaletea miche iliyooza kwenye chumba hicho hicho na Kornel akaenda kumwaga ndoo bustanini. Alisema nusu yake, kwa hasira, na Kornel akamwambia achukue vitu vyake atoke. Alitoka na kompyuta, chaja na chupa ya chai.

Alifanya kazi siku mbili mezani kwa dada yake mwingine aliyekaa Majengo, watoto wakipita chini ya meza. Aliandika toleo ambalo lilipaswa kutangulia. Majina mapya yalikuwepo, na ya zamani pia, kila la zamani likiita jipya kimyakimya na kuacha onyo kwenye kumbukumbu ya mashine: jina hili litaondolewa mwezi wa tatu mwakani, tumia lile. Amri nyingine kumi na tisa alizirudisha kama zilivyokuwa, maana alipozitazama upya hazikuwa na ubaya wowote, zilikuwa tu hazikuandikwa na yeye. Ziliachwa tatu za kubadilika. Ya nne ilikuwa «mwiteMeku». Hiyo aliirudisha bila onyo na bila tarehe ya mwisho.

Alhamisi alitoa toleo hilo. Nywila ilikuwa bado inafanya kazi, Kornel hakuwa ameibadilisha. Kisha akaandika barua kwa kila kamati, kwenye karatasi, na kuzipeleka mwenyewe: Uru, Kibosho, Machame. Kibosho katibu aliipokea kwa vidole viwili na kuiweka chini ya jiwe nje ya mlango. Machame aliikabidhi kwa baba yake kama mjumbe. Ebenezeri aliisoma yote amesimama, akasema, "Hii ndiyo ilitakiwa mwezi wa sita," na kuingia ndani.

Agosti Kornel aliitisha kikao cha watumiaji kwenye ukumbi wa parokia huko Uru. Walikuja watu ishirini na saba. Alisema amechoka, kwamba maktaba yenye wenyewe wawili wasioaminiana itakuja kuua shamba la mtu tena, na kwamba yeye atachukua nakala ya Mfongo kama ilivyokuwa kabla ya Julai na kuitunza kwa ajili ya mifongo ya mlimani. Anayetaka majina mapya na amfuate Yuditha.

"Kwa hiyo unatugawa," Yuditha alisema akiwa nyuma.

"Uligawa wewe. Mimi naandika tu mpaka."

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Kumi na wanane walikwenda na Kornel. Machame walikuwa kati yao, na mkono wa mzee Ebenezeri ulinyooka pamoja na wenzake, wala hakumtazama binti yake. Waliobaki tisa walikuwa wa bondeni na watu wawili ambao Yuditha alishuku kwamba hawakuelewa swali.

Julius alimfikia nje, kwenye ngazi za ukumbi.

"Usifikiri nimekupenda," alisema. "Wewe na yule Mwalimu wako mmenichafulia jina mpaka kwa wakwe. Ila «ondoaMaji» naielewa. Nikiisoma saa kumi alfajiri mvua ikinyesha, naielewa. Basi."

"Onyo uliliona kwenye kumbukumbu?"

"Nimesharekebisha. Na utoe namba yangu kwenye grupu lako, nitakutafuta nikiwa na shida."

Mwezi wa tatu ulipofika aliyafuta majina ya zamani kama alivyotangaza, safari hii akiwa amepiga simu moja moja kwa wote tisa, wengine mara mbili. Hakuna lango lililokwama. Hakuna aliyepiga kumwambia hivyo pia.

Mvua za masika zilipoanza, alishuka Mabogini bila kualikwa. Victoria alimkuta amesimama kwenye tuta kati ya vitalu, mwavuli umepinduka kwa upepo.

"Umekuja kuchukua shukrani?"

"Nimekuja kuangalia lango."

"Na mimi nimekuja kuangalia lango. Kila mvua nakuja. Nilishawaamini mara moja."

Walisimama wote wawili kwenye mvua karibu saa nzima, hatua tano kati yao. Kina kilipofika alama, mota ya chini ililia, lango la kutolea likanyanyuka, na maji yakaanza kukimbilia kwenye mtaro. Lango la juu halikutikisika. Victoria alienda kulishika kwa mkono kuhakikisha, akalisukuma, akarudi.

"Leo limefanya," alisema. "Nenda kabla barabara haijakatika, huku hatuna pa kukulaza."

Kornel na Yuditha wanakutana bado. Moshi si mji wa kujifichia. Juzi walipishana kwenye duka la vifaa vya umeme, Kornel anatoka na waya, Yuditha anaingia, na kila mmoja akamshikilia mwenzake mlango kwa bahati mbaya, wakaachia wote kwa pamoja. Nakala yake ya mlimani inafanya kazi vizuri. Watu wanaofahamu wanasema ndani yake bado kuna «toaMaji», na juu yake sasa kuna maelezo marefu mara tatu kuliko zamani.

Mzee Ebenezeri alianza kuitikia salamu za binti yake tena wakati wa Krismasi. Kuhusu mashine hawazungumzi.

Wiki iliyopita Yuditha alipokea ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua, Lucky, anayefunga mitambo ya malango Holili kwa kutumia nakala ya Yuditha. Haukuwa na salamu. "Nani aliiita hii amri «fungaZamu»? Nilidhani inafunga lango zamu ikiisha, kumbe inaifungia zamu isibadilishwe. Nimepoteza siku mbili. Huyo mtu alikuwa amelewa?"

Yuditha aliangalia kumbukumbu za maktaba kutafuta aliyeiandika. Tarehe ilikuwa ya miaka minne nyuma, na jina lilikuwa lake.

Aliandika jibu kali, akalifuta. Akaandika jingine, kali zaidi kidogo, akalifuta nalo. Mwishowe akatuma hili: "Ni mimi, na sikuwa nimelewa. Niambie ni programu ngapi huko kwako zinaitumia, na nani wengine unaowajua. Sitaigusa mpaka nimewapata wote."

Lucky alijibu baada ya dakika mbili. "Ziko sita. Na ujitahidi, maana mimi sina uvumilivu."